Je, Wajua? Meli, barua na askari wa Narung'ombe

Je, wajua kwamba neno "meli" halikuanza kama jina la chombo? Asili yake ni neno la Kiingereza mail, yaani barua za posta. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta barua Zanzibar kila mwezi kutoka Aden. Watu wa pwani walikuwa na majina tele ya vyombo vyao, jahazi, dau, mtepe, mashua, lakini hiki kilichofuka moshi wakakiita kwa mzigo wake. Basi tukisema askari amepanda meli, kwa asili ya neno tunasema amepanda barua. Na ndiyo habari yetu leo: askari anayevushwa maji, watu wake waliobaki nyumbani, na yule mtu wa kati anayezishika habari zao kabla hazijafika.

"Manowari" nayo ni Kiingereza kilichovaa kanzu, kutoka man-of-war. "Simu" ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni waya. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879 kutoka Aden, ukaendelea Msumbiji hadi Durban. Mkonga wa SEACOM ulitua Dar es Salaam Julai 2009, miaka 130 baadaye. Ila ule wa kwanza ulikuwa wa makonseli na matajiri wa karafuu, kwa kuwa ulilipiwa kwa neno. Mama mwenye mtoto manowarini hakuwa na lake pale.

Je, wajua kwamba Narung'ombe, kata ya Ruangwa isiyo na ufuo wala bandari, imeandikwa katika heshima za vita za vikosi vilivyokuja kwa meli kutoka upande wa pili wa Afrika? Tarehe 19 Julai 1917 jeshi la Waingereza lililotokea Kilwa lilikutana hapo na Wajerumani wa Kapteni von Liebermann, waliojichimbia kulinda visima. Julai ni kiangazi huku Kusini. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa maji kuliko wa ardhi, na nyasi kavu zikashika moto katikati ya mapigano. Usiku Wajerumani wakaondoka. Kamanda wao mkuu, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa njiani na kampuni za msaada, akachelewa.

Waliopigana siku hiyo ni nani? Walikuwemo Keya, yaani askari wa King's African Rifles, Wapunjabi wa kikosi cha 33 kutoka India, Waafrika Kusini, na kikosi cha Gold Coast, Ghana ya leo. Upande wa pili walikuwa askari Waafrika wa Mjerumani na maofisa wao wachache. Mwenyeji wa Narung'ombe aliyejificha porini na watoto wake asubuhi ile angeweza kusikia Kiswahili, Kipunjabi, Kijerumani, Kiingereza na Kihausa, maana Kihausa ndicho kilichowaunganisha askari wa Gold Coast. Kimwera chake hakikuulizwa.

Hawa wa Gold Coast waliondoka bandari ya Sekondi Julai 1916, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakashuka Kilindini, Mombasa, mwezi huohuo ukielekea kwisha. Sasa igeuze safari hiyo uipe barua. Itoke Narung'ombe kichwani mwa mpagazi hadi Kilwa, isubiri chombo, ipande kaskazini au ishuke kusini, izunguke bara zima, ishuke Sekondi, halafu ipate mtu wa kuipeleka kijijini na mwingine wa kuisoma.

Je, wajua kwamba habari za askari hao wa Narung'ombe ziliandikwa na gavana wao mwenyewe? Hugh Clifford, aliyekuwa akiitawala Gold Coast, alitoa kitabu kizima mwaka 1920 juu ya kikosi hicho na vita vyake Afrika Mashariki. Askari akapigana, gavana akasimulia. Narung'ombe imo, ila wapiga chapa wa Kizungu huiandika bila ile alama ya ng', na kuligeuza jina kuwa kitu ambacho mwenyeji hakitamki.

Pilipili. Wahindi waliovushwa bahari mwaka 1914 kwenda kupigana Ufaransa walijua fika kwamba barua zao zinafunguliwa mjini Boulogne na ofisi ya wakaguzi. Mmoja akaandika nyumbani kuhusu pilipili. Kwamba pilipili nyeusi imekwisha, sasa inatumika nyekundu, na ile nyeusi ilikuwa kali zaidi. Nyeusi ni wao, nyekundu ni Waingereza. Mkaguzi alielewa, ndiyo maana tunaijua leo: alinakili kipande hicho kwenye taarifa yake kwa wakubwa. Sauti za askari wale zimetufikia kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelipwa azichunguze. Hapa nashindwa kumchukia kabisa.

Kariakoo, kila mtu anaijua. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na jina lilibaki Dar es Salaam kama lilivyobaki Nairobi kwa tahajia ya kwao. Wasilojua wengi ni kwamba wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, tena kwa makumi ya maelfu, na kwamba sehemu kubwa yao hawakuandikwa majina mahali popote penye kaburi. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikiomba radhi: waliokufa, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, wasiokumbukwa kwa majina au wasiokumbukwa kabisa ni si chini ya 116,000, na huenda wakafika 350,000. Barua ya msiba ilichukua miaka zaidi ya 100. Tena ilipofika ilikuwa haina jina la marehemu.

Je, wajua kwamba mwaka 1917 vita vya Lindi viliwahi kuongozwa na nahodha wa meli? Max Looff alikuwa mkuu wa manowari Königsberg, ile iliyojificha kwenye delta ya Rufiji na kuzamishwa humo 11 Julai 1915. Wanamaji wake wakatoka na mizinga, ikafungwa magurudumu, wakaingia bara. Hebu fikiria mke wa baharia huko Ujerumani: alimuaga mumewe anayekwenda baharini, na mumewe sasa anatembea kwa miguu kwenye mbuga za Lindi, na barua ya kumweleza hivyo haina meli ya kuipeleka. Waingereza walikuwa wameziba bahari.

Walioziba hawakuziba kila kitu. Machi 1916 meli moja ya Kijerumani, Marie, ilipenya hadi ghuba ya Sudi, Lindi hiihii. Ilileta mizinga, risasi na dawa, na humo humo stempu za posta! Koloni lilikuwa limeishiwa stempu, hata wamisionari wa Vuga, Usambara, wakachapa za kienyeji kwenye mtambo wao. Zile za Marie zilipofika, za Vuga hazikuhitajika tena. Zikafukiwa ardhini Morogoro ili adui asizipate, na mwaka 1921 zikafukuliwa na kupelekwa Ujerumani kuuzwa kwa wakusanyaji. Watu wako vitani, dawa hazitoshi, chakula kinahesabiwa, na bado serikali inahangaika na stempu. Wengine watacheka. Mimi naona aliyepanga mzigo ule alijua askari anaishi kwa nini.

Meli ya hewani nayo ilijaribu. Tarehe 21 Novemba 1917 puto kubwa la jeshi la wanamaji la Ujerumani, L59, liliruka kutoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na shehena ya tani 15 hivi za kumpelekea Lettow-Vorbeck huku Kusini. Lilipofika anga ya Sudan likaitwa lirudi kwa redio: nyanda za Wamakonde zimeshatekwa, hakuna pa kutua. Likageuza. Lilikaa angani saa 95 na kwenda kilomita zaidi ya 6,700 bila kutua, rekodi ya kutisha kwa enzi zile. Siku chache baadaye, 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Redio ile ya kurudi ni kati ya habari chache zilizovuka bahari kwa haraka katika vita hivyo, na ilikuwa ya kusema "msije".

Je, wajua kwamba vita hivyo viliisha siku mbili kabla ya wapiganaji wa huku kujua? Ulaya walisitisha 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck alipata habari tarehe 13, karibu na mto Chambeshi, Zambia ya leo, kutoka kwa mjumbe wa Kiingereza mwenye pikipiki aliyekamatwa na barua zake. Adui ndiye aliyekuwa posta.

Pale Zanzibar, ukivuka kwenda kisiwa cha Chapwani, utakuta makaburi ya mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Königsberg iliivamia asubuhi ya 20 Septemba 1914, Pegasus ikiwa imetia nanga, mitambo yake inatengenezwa. Wazanzibari waliamshwa na mizinga. Makaburi yapo hadi leo, yamepangwa, yana majina, na watalii hupiga picha pwani iliyo karibu bila kuyaona.

Vita vya Pili vilikuja na meli zake. Septemba 1942 askari wa Tanganyika, kikosi cha sita cha Keya, walikuwa kwenye brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki iliyoshushwa Majunga kuitwaa Bukini kutoka kwa Wafaransa wa serikali ya Vichy. Bukini ndilo jina ambalo Waswahili wa zamani walikiita kisiwa cha Madagaska, na nasikitika kwamba tumeliacha. Wafaransa walisalimu amri 6 Novemba. Kwa vijana wengi wa bara hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuiona bahari, na waliiona gizani: walipandishwa chomboni, taa zimezimwa, sigara marufuku sitahani.

Watanganyika waliovaa sare katika vita hivyo walizidi 80,000. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, na mwaka uliofuata ikaingia Burma, bonde la Kabaw, msimu wa masika yao, matope mpaka magotini. Nembo yao begani ilikuwa kifaru, mnyama, si ile gari. Fedha ndiyo iliyofika nyumbani mara kwa mara kuliko maneno: askari aliacha fungu la mshahara likatwe, na mke au mzazi akaenda bomani kulichukua kwa dole gumba. Nimewahi kusikia wazee wakisema kwamba walijua mtu wao yu hai kwa sababu karani wa boma hakuwafukuza.

Uzito wa barua, je? Wamarekani walipiga hesabu mwaka 1942. Barua 150,000 za ukurasa mmoja zilijaa magunia 37 na kufika kilo 1,168 hivi. Wakazipiga picha kwenye filamu ndogo, zikaingia gunia moja la kilo 20. Waingereza walikuwa wameanza mtindo huo mwaka mmoja kabla, wakauita airgraph, na Nairobi ilikuwa na kituo chake. Karatasi uliyoiandika wewe haikusafiri kabisa. Iliyofika ni picha yake, ndogo kama kiganja, imeshapitia kwa mpiga picha, mkaguzi na msafishaji wa filamu. Watu watatu wameshasoma kwamba unamkumbuka mkeo.

Hapa itabidi nikae kidogo.

Jumamosi, 12 Februari 1944, msafara wa meli tano za wanajeshi ulikuwa ukikaribia visiwa vya Maldivi kutoka Kilindini kwenda Colombo. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ilibeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, maofisa na askari, na walikuwemo wauguzi wanawake zaidi ya 50. Baada ya chakula cha mchana nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Mtu aliye chini ya sitaha hawezi kupanda ngazi kwa muda huo, na wengi wa askari wetu walikuwa chini.

Walionusurika ni 214. Waliokufa ni 1,297. Katika vita vyote hivyo, kwa upande wa Washirika, ni meli chache tu zilizopoteza watu wengi zaidi. Na hayakuishia hapo. Manowari mbili za ulinzi, Paladin na Petard, zilijua nyambizi imejificha chini ya watu wanaoelea. Zikadondosha mabomu ya kina cha maji palepale walipokuwa wakipigania roho zao. Nyambizi ilizamishwa siku hiyohiyo. Naelewa hesabu yao: wangeiacha, ingepiga meli nyingine yenye watu wengi zaidi. Lakini kuelewa hesabu si sawa na kuikubali usiku ukiwa umelala.

Ndani ya Khedive Ismail alikuwemo pia mwandishi wa habari, Kenneth Gandar-Dower, Mwingereza mwenye vituko aliyewahi kupeleka duma wa Afrika Mashariki London washindanishwe mbio. Ndiye aliyekuwa ameandika juu ya askari wetu walipokwenda Bukini. Alizama nao. Yule ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka habari nyumbani akawa yeye mwenyewe habari ya kupelekwa.

Na ilipelekwaje? Polepole mno. Wakati wa vita kuzama kwa meli ya wanajeshi ni siri, adui asijue alichofanikiwa. Majina ya askari wa kikosi cha 301 yako kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Kaburi lao ni bahari. Kama una babu ambaye ukoo unasema "alikwenda Burma akapotelea majini", anza kutafuta hapo.

Je, wajua kwamba jeshi hilohilo lililokagua barua lilifundisha pia kuziandika? Kulikuwa na kikosi cha elimu cha jeshi la Afrika Mashariki, walimu wenye vyeo, darasa chini ya mti au sitahani. Mmoja wao, Robert Kakembo wa Uganda, alitoa kitabu mwaka 1946 akieleza askari Mwafrika anataka nini baada ya vita. Mtu akishaweza kuandika salamu kwa mama, haachi hapo. Ataandika na madai.

Barua za Kiswahili zina sheria zake, na aliyewahi kusomea wazee barua anazijua kwa moyo. Haziendi moja kwa moja kwenye jambo. Kwanza salamu, tena nyingi kama nyota au kama mchanga wa bahari. Kisha mwandishi hujitangaza mzima, na hofu na mashaka yake yote huyaweka juu ya mwenzake aliye mbali na upeo wa macho yake. Halafu huja majina ya kusalimiwa, nyumba kwa nyumba, na ole wako msomaji ukiruka moja. Habari yenyewe, kwamba fedha hazijafika au kwamba mtoto amezaliwa, hukaa mstari wa mwisho na haina hata nukta. Kijana aliyeisoma kwa sauti uani mwa jirani alijua siri za kijiji kizima akiwa darasa la tano. Alijifunza pia kunyamaza. Alipokuta jambo zito aliomba maji ya kunywa kwanza, na kwa kule kuomba maji tu wenye barua walikwishaelewa.

Machi 2008 Watanzania walikwenda vitani kwa maji. Tarehe 25, alfajiri, askari wa Umoja wa Afrika, Watanzania na Wasudani kwa wingi, waliteremka kisiwa cha Nzwani, ambacho Wafaransa hukiita Anjouan, pamoja na jeshi la Komori, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar. Kanali alikimbilia Mayotte. Kwa askari wetu ilikuwa ugeni wa ajabu, kwa kuwa Kikomori ni ndugu wa Kiswahili: unamsikia mtu sokoni, nusu unaelewa, nusu inakuponyoka, kama ndoto ya nyumbani.

Ukisikia askari ametumwa Pemba, uliza Pemba ipi. Ipo ya karafuu, na ipo ya Cabo Delgado, Msumbiji, ambayo zamani Wareno waliiita Porto Amélia. Kikosi cha Gold Coast kilichopigana Narung'ombe kilihamishiwa huko mwaka 1918 kwa meli. Mwaka 2021 Watanzania nao walikwenda Cabo Delgado na jeshi la SADC. Miaka 103 imepita kati yao, na kwa ndege asiyejali mpaka si mbali na Nachingwea.

Wakenya nao wana yao. Usiku wa kuamkia 28 Septemba 2012 jeshi lao liliteremka pwani ya Kismayu kutoka manowarini, na Wakenya huieleza kuwa ya kwanza ya namna yake kufanywa na jeshi la Afrika.

Simu ya mkononi inafika wapi baharini? Mitambo ya kawaida ya GSM, kwa jinsi ilivyopangwa saa zake, haiwezi kumhudumia mtu aliye zaidi ya kilomita 35 kutoka mnarani, hata kama mawimbi yanamfikia. Kwa hiyo baharia anayeondoka Kigamboni huaga mara mbili: gatini, na tena pale vijiti vya mtandao vinapobaki kimoja. Hiyo ya pili ndiyo ndefu. Kuanzia hapo ni setilaiti, na setilaiti ya chomboni si yake, ni ya mkubwa wake.

Fedha siku hizi haziendi bomani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na dole gumba likawa namba ya siri. Wakala wa kijijini amechukua kiti cha karani. Naye anajua nani katumiwa na nani hajatumiwa mwezi huu.

Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani ya programu ya mazoezi, Strava, ilikuwa inaonyesha kambi za siri za Wamarekani jangwani. Askari walikimbia jioni na saa zao za mkononi, saa zikachora njia. Ndiyo maana chombo cha kivita hufunga mawasiliano bila kueleza. Mke hukuta tiki moja ya kijivu kwenye WhatsApp kwa wiki tatu na kujiuliza amekosa nini. Hajakosa kitu. Ni amri.

Je, wajua kwamba wapo mabaharia ambao mpaka leo huletewa habari za nyumbani kwa kuhesabiwa maneno? Ni wa nyambizi za nyuklia za Uingereza, wanaokaa chini ya maji kwa miezi. Familia huruhusiwa kutuma ujumbe mmoja kwa wiki, maneno 120. Baharia hawezi kujibu, maana nyambizi ikitoa sauti imejulikana ilipo. Ujumbe husomwa kwanza na mtu wa ofisini, na msiba huondolewa. Mwenyewe ataambiwa atakaporudi. Mtu anaweza kucheka mezani na wenzake mwezi mzima huku nahodha wake anajua kwamba hana baba.

Zamani, enzi za nyambizi za Polaris, kiwango kilikuwa maneno 40 tu. Nikajaribu kumwandikia mtu wa namna hiyo kama tulivyofundishwa: "Kwako mwanangu mpendwa, salamu nyingi sana kutoka kwangu mama yako. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako huko uliko. Ama sisi huku nyumbani ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yetu." Nikahesabu. Maneno 42. Yamezidi mawili, na bado sijataja mvua, wala bei ya korosho, wala jirani hata mmoja anayemsalimu.